Bosi anataka alama za vidole na lokesheni yangu, nina haki gani?

SWALI: Dada habari za kazi. Nipo Dar, kampuni yetu inashughulika na mizigo, tumehamia ofisi mpya kila kitu ni cha kisasa, mlango unafunguka kwa kidole, kamera kila kona mpaka kwenye chumba cha kulia chakula, na sasa wametuambia tuweke apu kwenye simu zetu wenyewe ya kusaini kuingia na kutoka, apu yenyewe inataka lokesheni muda wote. Kuuliza tu tukajibiwa asiyetaka aseme. Kazi naihitaji, nifanyeje?

JIBU: Pole mdogo wangu. Sheria ipo, ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na alama za vidole zimo kwenye taarifa nyeti, kwahiyo bosi hawezi kuzibeba kirahisi tu kama anavyoandika namba yako ya simu, lazima akueleze anazitaka za nini na nani ataziona.

Hilo la "asiyetaka aseme" ndo limeniuma zaidi, maana mtu anayeogopa kukosa mshahara hajakubali, kalazimishwa. Uingereza mwaka 2024 kampuni ya Serco Leisure iliamriwa na msimamizi wa taarifa kule iache kutumia sura na vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000, sababu mojawapo ni kwamba hawakupewa njia nyingine ya kueleweka. Kadi ya mlangoni inatosha kabisa, ikipotea inafungwa unapewa nyingine, ila kidole kikishavuja ndo basi tena.

Halafu iangalieni hiyo mashine ya mlangoni. Nyingi zina tundu la flashi pembeni, na kama fundi aliyeifunga hakusajili msimamizi, mtu yeyote akibonyeza menyu anaingia, anachomeka flashi yake anaondoka na rekodi za nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi, ofisi nzima. Mwambieni mtu wa IT aijaribu leoleo.

Apu nayo, ingia kwenye setingi za simu, upande wa lokesheni chagua iruhusiwe pale unapoitumia tu, utasaini asubuhi vizuri na jumapili ukiwa kwa mama yako hawatajua. Ikigoma kabisa, omba simu ya ofisi.

Usiende peke yako kubishana koridoni. Andikeni imeili kwa HR mkiwa kadhaa, mkiuliza taarifa zinakaa wapi, zinafutwa lini mtu akiacha kazi, video za kamera anaziangalia nani, na ile ya chumba cha chakula inalinda nini hasa. Wakikaa kimya, nakala ya hiyo imeili ndo mnaambatanisha kwenye malalamiko yenu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.