Mwanangu, umeniuliza habari ya saa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza nilikuwa nikitunga mashairi saa ngapi, alfajiri au usiku, ili nawe ujipangie muda usiokatika. Saa yangu unaijua: baada ya sala ya alasiri, barazani. Lakini saa si kitu. Nimekwambia tangu utotoni kwamba mizani, ile hesabu ya silabi, ni mchezo kabla ya kuwa sheria.

Umepata kusikia kwamba niliwahi kuacha kutunga kwa miaka miwili. Gazeti moja lilichapa shairi langu, na malenga mmoja akanijibu kwa beti sita, zote kwa sababu ya kipande kimoja chenye mizani saba badala ya nane. Alisema kweli, na hadi leo nikikihesabu kipande kile moyo unaniuma.

Aliyenirudisha ni shangazi yako. Kwa kumwiga Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyependa kuyachezea maneno yenye maana nyingi, nilijaribu ubeti wa mishororo minne, kila mmoja uishie kwa "paa" ya maana nyingine. Paa la nyumba nilikuwa nalo, paa wa porini nilikuwa naye, ndege wa kupaa pia. Mshororo wa nne ukanishinda siku tatu. Shangazi yako, kisu mkononi na magamba ya samaki aitwaye changu yamemrukia hadi usoni, akanisikia nikinung'unika, akaitikia palepale: "Na mimi hapa jikoni, changu huyu nampaa." Nane kwa nane, wala hakuhesabu! Nilicheka hadi bibi yako akatoka kuuliza kulikoni. Tangu hapo tukawa tunapeana neno kila jioni, leo "kaa", kesho "mbuzi", na aliyeshindwa alikuna nazi.

Utasema mchezo haumfanyi mtu adumu. Pengine ni kweli, kwa maana siku zile tatu nilikaa barazani bila kukosa, na nisingekaa, lisingekuwapo pengo la yeye kuliziba. Basi saa nayo ni kitu, nakubali. Hata hivyo, kilichonikalisha pale ni "paa", si saa.

Beti ulizoniletea nimezisoma. Ninalo la kusema juu ya ule wa tatu, na nimekwisha kuliandika hapa nikalifuta, kwa sababu hukuniuliza. Nakupa neno "kata" badala yake. Shangazi yako ameshachukua kata ya maji na kata ya kichwani. Mishororo miwili iliyobaki tunakungoja wewe.

Baba yako