Vijana wa ngoma wanaolalamika viuno: anzia chini, funika kioo

Mleta mada anafundisha kikundi cha ngoma Mbagala. Vijana wake wanashika hatua haraka, ila wakimaliza sindimba, ile ngoma ya Wamakonde ya kuzungusha nyonga, viuno vinauma, na akisema "legeza bega" wanalikaza zaidi. Mmoja wao anapata ganzi inayoshuka mguuni. Anauliza aanzie wapi.

Mkuu, nimefundisha dansi hapa Dar miaka mingi. Ushauri wangu: punguza kuonyesha, zidisha kuuliza. Ukisimama mbele na kusema "fanyeni kama mimi", macho ndiyo yanajifunza, mwili unaburuzwa tu.

Robo saa ya kwanza mimi sionyeshi chochote. Wanalala chali kwenye mikeka, magoti juu, nami nauliza tu: bega lipi limelalia zaidi? Kiganja kinapita chini ya kiuno? Kuna dereva wa bodaboda alijibu kwamba bega lake la kulia halijafika chini. Kweli, lilikuwa juu ya mkeka upana wa vidole viwili. Sikulisukuma. Nilimwambia alipandishe kidogo zaidi kwa makusudi, kisha aliachie polepole, polepole kuliko anavyotaka. Akarudia mara kadhaa, likashuka lenyewe. Njia hiyo ni ya Thomas Hanna, Mmarekani aliyeeneza elimu ya kuhisi mwili kutoka ndani, "somatics", miaka ya 1970. Alieleza kwamba msuli ukizoea kukaza, ubongo husahau namna ya kuuachia, kwa hiyo lazima uukaze kwa hiari ndipo ukumbuke.

Mwendo uwe mdogo na bila nguvu. Moshe Feldenkrais, mhandisi na mwanajudo aliyeanza kuchunguza mwendo wake baada ya kuumia goti, alisisitiza sana hilo. Mwenye gunia la mahindi mgongoni hajui kama umemwongezea daftari juu. Mwenye daftari moja mkononi anajua mara moja. Kijana anayejikamua hawezi kuhisi tofauti yoyote, hata umwimbie.

Kioo chetu nakifunika kanga mpaka mwisho wa kipindi. Sikichukii. F. M. Alexander, mwigizaji wa Tasmania aliyekuwa akikaukiwa sauti jukwaani, alijiangalia kwenye vioo akagundua anavuta kichwa nyuma kila akianza kughani, na mwenyewe hakuwa na habari. Yaani hisia huweza kukudanganya, kwa hiyo kioo ni cha kuhakiki ulichokwisha kuhisi.

Baada ya hapo ndiyo sindimba, bila ngoma kwanza. Wasimame, magoti yalegee, wazungushe nyonga duara dogo kama sarafu, kiganja kimoja kikiwa kwenye kiuno na kingine tumboni. Kisha wakaze magoti makusudi na wazungushe tena. Hapo utasikia "aah!", maana goti likikaza kiuno kinabeba kazi yote. Mpiga ngoma aingie mwishoni, tena kwa mwendo wa taratibu, maana wetu wana haraka utadhani wanawahi daladala.

Jambo ambalo walimu wa nje hawalifikirii: dada wengi hawataki kulala chini mbele ya wanaume, na wana haki. Wape viti, maswali ni yale yale. Wala usimguse mwanafunzi bila ruhusa. Mkono wake mwenyewe unatosha kabisa.

Na yule uliyesema anapata ganzi inayoshuka mguuni, huyo msimamishe mazoezi, aonane na daktari kwanza.