Kuunganisha faili za modeli ya uso wa ardhi

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa upimaji ardhi mjini Morogoro. Nina faili kadhaa za GeoTIFF (picha zinazobeba mahali pake kwenye ramani) zenye modeli ya uso wa ardhi, yaani mwinuko wa kila sehemu, iliyotokana na picha za droni. Programu yangu hukwama ninapoziunganisha, na ilipofanikiwa mara moja, palitokea mistari myeusi kwenye maungio. Nifanyeje?

JIBU: Huhitaji kompyuta mpya. Programu huria ya GDAL, inayoendeshwa kwa kuandika amri, ina gdalbuildvrt, ambayo hainakili vipimo vyenyewe bali huandika faili ndogo ya maandishi inayoeleza kila kipande kiko wapi na kinakaa sehemu gani ya ramani. Andika: gdalbuildvrt -srcnodata -9999 zima.vrt *.tif. Usifute wala kuhamisha faili za awali, kwa kuwa zima.vrt huzisoma kila inapofunguliwa.

Mistari myeusi yaelekea inatokana na namba, mara nyingi -9999, iliyojazwa mahali pasipopimwa. Faili isipoitangaza namba hiyo, GDAL huidhania kuwa mwinuko halisi. Na kwa vile faili inayotajwa mwisho ndiyo hukaa juu, ukingo wake mtupu hufunika vipimo vizuri vya jirani. Hakikisha namba yako kwa gdalinfo -stats kabla ya kuiga yangu.

Amri hiyohiyo ya gdalinfo itakuonyesha mfumo wa kuratibu, yaani namna mahali panavyotajwa kwa namba kwenye ramani. Morogoro mjini iko kanda ya 37 Kusini ya UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani), ilhali Dodoma mjini, magharibi ya longitudo 36, iko kanda ya 36. Faili ya mfumo tofauti hurukwa, kwa onyo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona, kwa hiyo ibadilishe kwanza kwa gdalwarp -t_srs EPSG:32737, namba inayowakilisha kanda ya 37 Kusini.

Ukihitaji faili moja kamili, tumia gdal_translate -co COMPRESS=DEFLATE -co BIGTIFF=YES zima.vrt zima.tif, kwani TIFF ya kawaida haivuki GB 4.

Linalonitia shaka zaidi ni mwinuko. Ikiwa safari moja ya droni ilipimwa kutoka usawa wa bahari na nyingine kutoka uso wa duaradufu wa GPS (umbo laini la dunia ambalo GPS hulitumia kupimia), patabaki ngazi kwenye maungio, na GDAL haitaisawazisha. Katika hesabu za mafuriko, ngazi hiyo itayazuia maji kama ukuta, kwa hiyo zichakate upya picha zote kwa alama zilezile za udhibiti wa ardhini (alama zilizopimwa ardhini kwa usahihi) kabla ya kuunganisha.