Maswali ya Wasomaji: Tumpelekee nini mama aliyelazwa na kichanga?

SWALI: Ndugu Mhariri, wifi yangu alijifungua mtoto wa kike mimba ikiwa ya wiki 29, na leo ni siku ya 18 wakiwa hospitalini hapa Kisumu, mtoto akiwa ndani ya inkubeta na mama akilala wadi ya jirani. Chama chetu cha akina mama kimechanga shilingi 6,000. Baadhi ya wenzangu wanataka tununue beseni la kumwogeshea mtoto, shali na neti. Wengine wanasema mtoto ambaye hali yake haijatulia hanunuliwi kitu, tusije tukamletea mkosi. Je, zawadi ndogo ina faida gani kwa mzazi ambaye mwanawe anapumua kwa mashine?
Msomaji, Nyalenda

JIBU: Dada, pande zote mbili za chama chenu zinamtazama mtoto, ilhali anayeweza kufaidi zawadi kwa sasa ni mama. Beseni, shali na neti ni vitu vya siku ya kurudi nyumbani, na siku hiyo bado hakuna aijuaye. Niliwahi kumuuguzia mdogo wangu mtoto katika hali kama hiyo. Aliletewa beseni kubwa la buluu, likasukumwa chini ya kitanda, na kila asubuhi wafagiaji walipopita ilimbidi ainame alivute, likiwa tupu. Kilichomtoa machozi ya shukrani ni ndara, kwa kuwa alikuwa amekuja hospitalini na viatu vya kutokea, na njia ya kutoka kitandani pake hadi kwa mtoto aliipita mara nane kwa siku, mchana na usiku.

Mara nane hizo zina sababu. Mtoto ambaye hajafikisha wiki ya 34 kwa hesabu ya mimba kwa kawaida hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, kwa hiyo mama hukamua maziwa kila baada ya saa tatu hivi, nayo hupitishwa katika mrija mwembamba hadi tumboni mwa mtoto. Ukishalijua hilo, hutapata taabu ya kuchagua: mpelekee chupa ya chai iliyojaa uji wa wimbi, ili saa tisa za usiku akute kitu cha moto, na mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato kwa mikono inayochanika kwa kunawa kila mara. Mwongezee daftari la kurasa 48 na kalamu, aandike gramu za leo, mililita za maziwa na maswali ya kumuuliza daktari, kwa maana mwenye hofu hulikumbuka swali lake daktari akishaondoka.

Lakini kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu, ningekwenda sokoni Kibuye kununua leso. Doti moja ina vipande viwili: kimoja mama atajifunga, na cha pili, kikishafuliwa vizuri, muuguzi akiruhusu, kitakaa karibu na mtoto kikiwa na harufu ya mamake. Mtoto akifikia hatua ya kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambao Shirika la Afya Duniani linaupendekeza, leso hiyo hiyo ndiyo itakayowafunga pamoja. Someni jina lake kabla ya kulipa! «Wasemao na waseme» si neno la kupeleka wadini, na hata «Subira yavuta heri» mimi ningeiacha dukani, kwa kuwa aliyesubiri siku 18 hahitaji kufundishwa subira. «Nani kama mama» inatosha.

Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea msipeleke. Asali pia, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo mtoto wa chini ya mwaka mmoja hawezi kuvistahimili. Maua na wanasesere wa manyoya huingia na vumbi, na mara nyingi hurudishwa mlangoni.

Kuhusu mkosi, msiwacheke wanaouhofia, kwani ndara za mama hazivunji mwiko wa mtu yeyote. Tena msizimalize shilingi 6,000 kwa siku moja. Wageni hujaa wiki ya kwanza na kupungua baadaye, na hapo ndipo mia tano ya kila wiki huonekana kubwa.

SWALI: Rafiki yangu ana mtoto mgonjwa wadini hapa Nakuru. Kila mtu anamletea mkewe kitu. Yeye nimpe nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Umeuliza jambo ambalo wengi hulisahau. Baba huyo pengine hushinda kazini, huwahi saa ya kutazama wagonjwa, humwona mwanawe kwa dakika chache, kisha hurudi nyumbani kuwapikia wakubwa. Wachukue watoto hao jioni moja, uwape chakula na uwasimamie kazi ya shule. Usimuulize kila siku kama mtoto ameongeza uzito, kwa sababu hata mtoto mzima hupungua siku za mwanzo, na aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kuchukua wiki mbili kuurudia uzito wa kuzaliwa. Swali lako litamlazimu kutaja upungufu huo tena na tena. Mwandikie tu: «Nimekutumia nauli ya kesho, si lazima unijibu.»