Slaidi ya kumi na nne

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimemaliza fiziotherapia mwaka huu. Naomba unitumie linki zote za habari za kimataifa za fani yetu, nisije nikaachwa nyuma." Zote! Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika, maana hilo hilo "zote" ndilo lililoniaibisha mbele za watu. Marahaba, mdogo wangu. Linki nitakupa, ila kaa kwanza.

Mwaka 2024 niliamini hakuna mtu idarani kwetu, idara ya tiba ya viungo, anayefuatilia mambo ya dunia kama mimi. Nilikuwa nimejiandikisha kupokea barua za habari za mashirika na majarida karibu arobaini. Zinaingia asubuhi, napitisha jicho kwenye vichwa vya habari nikisubiri mgonjwa wa kwanza, na najihesabu nimesoma. Mtu akitaja kongamano la dunia, mimi ndiye wa kwanza kusema lililopita lilifanyika Dubai mwaka 2023 na linalofuata ni Tokyo 2025. Kujua ratiba nilikuita kujua fani.

Basi ikafika Septemba. Kila tarehe 8 mwezi huo ni Siku ya Fiziotherapia Duniani, kwa kumbukumbu ya shirikisho letu, ambalo leo linaitwa World Physiotherapy, kuanzishwa mwaka 1951. Mada ya 2024 ilikuwa maumivu ya mgongo wa chini. Shirikisho hutoa mabango na vipeperushi bure, kwa lugha nyingi. Nikachapisha, nikabandika ukutani, na bango zuri kuliko yote nikaliweka juu kabisa ya mashine ya ultrasaundi, si ile ya kupima mimba, bali ile ya kutibu maumivu kwa mawimbi ya sauti.

Hiyo mashine ilikuwa mke wangu wa pili. Namimina jeli mgongoni, mgonjwa anashtuka kwa baridi, nazungusha kile kichwa cha chuma taratibu huku tunapiga soga. Alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akinipimia muda kwa saa yake ya mkononi. Siku nikikatisha mapema ananiambia, "Kijana, leo umenipunja."

Nikaombwa kutoa mada mbele ya idara nzima. Nilikuwa na slaidi ishirini. Ya kumi na nne ilikuwa na kichwa "Nguzo tatu za tiba ya mgongo": traksheni, yaani kuuvuta mgongo, kisha ultrasaundi, kisha mkanda wa kiuno. Niseme tu ukweli, ile slaidi niliitengeneza miaka mingi nyuma, na kila ninapoombwa mada nabadilisha tarehe.

Binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo, amekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono. Kwa adabu zote. "Samahani mwalimu, mwongozo wa WHO wa Desemba si umependekeza hivyo vitatu visitumike kwa maumivu sugu ya mgongo?"

Nikamjibu, "Mwongozo gani?"

Hilo "mwongozo gani" bado huniamsha usiku. Bosi wangu akaegemea kiti akasema kwa sauti, "Naona siku hizi watoto ndio wanatufundisha," na ukumbi ukacheka. Sitaki kuwa mtu wa kinyongo, lakini oda ya kununua mashine ile ya ultrasaundi aliisaini yeye. Siku hiyo saini yake haikuchekwa.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta nyumbani. Niliandika "WHO", yaani Shirika la Afya Duniani, kwenye kisanduku cha kutafutia barua pepe, na habari ile ile ikajitokeza, imetumwa na watu watatu tofauti tangu Desemba 2023. Zote tatu hazijafunguliwa. Miezi tisa iko mfukoni mwangu, nami natembea kifua mbele.

Usiku ule niliusoma mwongozo wenyewe. Ulitoka tarehe 7 Desemba 2023 na unahusu watu wazima, wazee wakiwemo, wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na ugonjwa maalumu nyuma yake. Unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono kama masaji. Haupendekezi traksheni, wala ultrasaundi, wala mikanda, wala dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Kuna jambo moja ambalo hata yule binti hakulisema: mapendekezo mengi humo ni ya masharti, yaani hutegemea hali ya mgonjwa, na ushahidi wenyewe waandishi wanakiri ni hafifu. Kwa hiyo hata yeye hakuwa amemaliza kusoma. (Naam, nimesema. Imenipoza kidogo.)

Sasa tuje kwenye ulichoniomba.

Cha kwanza, futa. Mimi nilifuta zaidi ya thelathini. Nimebaki na taarifa za World Physiotherapy, ukurasa wa WHO wa urekebishaji, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, na PEDro, ambayo nitaieleza hapa chini. Habari kubwa za fani hii ni chache mno kwa mwaka, na zikitokea hazijifichi. Mwaka 2017 WHO ilianzisha mpango wa Rehabilitation 2030. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuimarisha huduma za urekebishaji ndani ya mifumo ya afya. Makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la tiba la The Lancet yanasema watu bilioni 2.4 hivi duniani wana hali ambazo urekebishaji ungezisaidia. Ukiwa na haya matatu una hoja ya kumpelekea mkuu wako anayekwambia fizio ni huduma ya ziada.

Cha pili, ingia PEDro ukiwa na swali. Ni kanzidata ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 1999, na imekusanya majaribio ya kitabibu, mapitio ya tafiti na miongozo ya fiziotherapia peke yake. Usiandike tu "mgongo" ukashangaa maelfu ya majibu. Fungua utafutaji wa kina, chagua tiba, chagua tatizo, chagua sehemu ya mwili, halafu anza na miongozo na mapitio kabla ya jaribio moja moja. Majaribio yamepewa alama kati ya 10, na mojawapo hutolewa pale mtoa tiba anapofichwa asijue anatoa tiba ipi. Wanafunzi wengi wakiona 7 wanaguna kana kwamba ni mtihani wa darasani, lakini hebu fikiria: unamfundisha mtu mazoezi ya goti, utafichwaje usijue unafundisha nini? Alama ya kumficha mtoa tiba karibu haipatikani katika tafiti za mazoezi. Kwa hiyo 7 au 8 ni nzuri tu. Na alama haikuambii kama tiba inafaa, inakuambia utafiti ulivyofanywa.

Physiopedia nayo ni ya bure, na kama mlango wa kuingilia mada inafaa sana. Ila inaandikwa na watu wa kujitolea, ubora unapanda na kushuka, kwa hiyo shuka hadi chini uone makala imesimamia tafiti za mwaka gani. Jarida la Journal of Physiotherapy la chama cha Australia linasomwa bila malipo. Kwa yaliyofungwa, muulize mkutubi wa chuo au hospitali kama taasisi imesajiliwa Hinari, mpango wa WHO kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu mmoja. Mimi nilizunguka nikiwalaumu wachapishaji miaka kadhaa bila kumuuliza mkutubi hata siku moja.

Barua pepe inayokuita "profesa mtukufu" na kuahidi kuchapisha kazi yako ndani ya siku tatu ukilipa, ifute. Siendelei hapo, nina kidonda kingine.

Cha tatu ni kile kile cha kwanza: soma kichache, ukimalize. Jumatatu moja, swali moja, la mgonjwa mmoja uliyemgusa wiki iliyopita. Na ukikuta umekosea, badilisha slaidi, usibadilishe tarehe. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeleta mwaka 1978 ile kanuni ya kuhudumia majeraha iitwayo RICE, yaani pumzisha, weka barafu, bana, inua, ndiye huyo huyo aliyekuja kuandika miaka ya baadaye kwamba barafu huenda inachelewesha kupona. Mwenye jina lake kwenye kitu amekitengua mwenyewe hadharani, sisi tunaokopi slaidi tunaona haya ya nini? Tunawaambia wagonjwa mwili usiotumika hudhoofika, halafu vichwa vyetu tunavifunga mkanda wa kiuno.

Ngoja nishuke mimbarini.

Mashine ipo kona ya chumba, imefunikwa shuka. Yule mzee ilimchukua wiki kadhaa kunisamehe. Siku hizi anasimama na kukaa kitini mara kumi, anapumzika, anarudia, na saa yake bado iko mkononi ananipimia. Kikao cha usomaji cha kila mwezi idarani nakiongoza mimi, kwa ombi la bosi yule yule, ingawa ombi lenyewe alilituma kwa mtu mwingine aniletee.

Na yule binti sasa ameajiriwa kwingine. Mwezi uliopita alinitumia mapitio mapya ya mazoezi ya bega, saa nne usiku, akauliza, "Mwalimu, umeiona hii?" Nikamjibu nimeisoma tangu Jumatatu. Sikuwa nimeisoma. Niliwasha taa, nikaisoma hadi mwisho, kisha nikamtumia maswali mawili.