Kabla Hujamgeuza Mtu Kuwa Mbwa Mwitu, Jua Nguo Zake Ziko Wapi

Hadithi yangu ya kwanza ya mtu anayegeuka mbwa mwitu ilikuwa na kila kitu: mwezi mpevu, alama za meno begani, risasi ya fedha mwishoni. Niliiandika kwa miezi minne. Rafiki niliyempa aisome alinirudishia na swali moja tu: "Huyu mtu akishakuwa mnyama, anapoteza nini?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimehangaika na kucha na manyoya, mtu mwenyewe nikamsahau.

Swali hilo lilinipeleka kwenye masimulizi ya kale, na huko ndiko ninakokushauri uanzie kama unataka kuandika au kusimulia habari hizi. Utagundua mapema kwamba mengi tunayoyashika kama sheria ni ya juzijuzi. Filamu za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940, hasa The Wolf Man ya 1941 iliyoandikwa na Curt Siodmak, ndizo zilizofunga kung'atwa, mwezi na risasi ya fedha katika furushi moja. Zamani ni nadra kumkuta mtu aliyegeuka kwa sababu ameng'atwa. Mfalme Lycaon wa Arcadia aligeuzwa na Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, baada ya kumwandalia nyama ya binadamu. Peter Stumpp, aliyeuawa kikatili karibu na Cologne, Ujerumani, mwaka 1589, alikiri akiwa mikononi mwa watesaji kwamba shetani alimpa mkanda wa kujigeuza. Ureno na Brazil husimuliwa kwamba balaa humwangukia mtoto wa kiume wa saba. Kwa Wafaransa wa Kanada, ni mtu aliyepuuza komunyo ya Pasaka miaka saba mfululizo.

Kila sababu inazaa hadithi yake. Aliyelaaniwa ana kosa la kujutia. Mwenye mkanda anaweza kuuvua, kwa hiyo kila usiku anachagua. Mtoto wa saba hakufanya lolote. Chagua moja, kisha uishi nayo hadi ukurasa wa mwisho. Mimi nilizichanganya zote, na mhusika wangu akawa hana hatia wala uchungu.

Wala usishikilie mbwa mwitu kama mahali unapopaandikia hayupo. Ethiopia ni fisi, na wanaotuhumiwa mara nyingi ni wahunzi na wafinyanzi, watu ambao kazi yao inahitajika na wao wenyewe wanaogopwa. Java ni chui milia. Ukimwangalia mnyama utajua hofu ya watu wa mahali pale. Ukimwangalia mtuhumiwa utajua ni nani waliyemweka pembeni.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni nguo. Petronius, Mrumi wa karne ya 1, anasimulia kisa cha askari anayevua nguo zake kando ya njia, mbalamwezi ikiwaka kama mchana, anakojoa kuzizunguka, kisha anageuka na kukimbilia porini. Mwenzake anapotaka kuziokota anakuta zimekuwa mawe. Baadaye, Marie de France aliyeandika karne ya 12 anatupa muungwana Bisclavret, anayetoweka siku tatu kila wiki. Mkewe anambembeleza hadi anasema siri yake: nguo huzificha ndani ya jiwe lenye uwazi, na zikipotea atabaki mnyama. Mke anamtuma mwanamume mwingine azichukue.

Ukifika hapo utaona kwamba meno ya mbwa mwitu yule si kitu ukilinganisha na ulimi wa mkewe. Na mwisho wake nimeusoma mara nyingi. Nguo zinapatikana, zinawekwa mbele ya mnyama, ambaye sasa anaishi kwa mfalme, naye hazigusi. Mshauri mmoja mwenye busara anamwambia mfalme kwamba anaona haya. Wanampeleka chumbani kwa mfalme pamoja na nguo zake, wanafunga mlango, wanamwacha. Wakirudi wanamkuta muungwana amelala kitandani. Kugeuka kwenyewe hatukuoni, na hatukuhitaji kukuona.

Usidhani pia kwamba lazima awe mwovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1690 huko Livonia, eneo ambalo leo limo Latvia na Estonia, mzee aitwaye Thiess aliwaambia mahakimu waziwazi kwamba yeye ni mbwa mwitu, na kwamba yeye na wenzake ni mbwa wa Mungu: hushuka kuzimu kuwanyang'anya wachawi nafaka walizoiba ili mavuno ya watu yasiharibike. Pua yake, alisema, ilivunjwa huko kwa mpini wa ufagio. Mahakimu walimbana akane, hakukana, wakaamuru achapwe viboko. Ningetoa hadithi zangu zote nipate mhusika mmoja mwenye uhakika kama ule.

Ushauri wangu basi: kabla ya kuandika tukio la kugeuka, andika ukurasa mmoja wa njia ya kurudi. Nini kinamrudisha, kiko wapi, na nani mwingine anajua? Huyo wa tatu ndiye atakayeibeba hadithi.

Yangu nimeiandika upya. Mwezi nimeuondoa, risasi pia. Sasa inaanza na mama anayekuta shati la mwanawe chini ya mti, limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa, naye amesimama hajui aliache au alichukue.