Betri ya laptopu ilivyonidanganya katikati ya ziwa

Mwaka juzi nilipanda meli ya Nansio kwenda kumsalimia bibi Ukerewe, kazi ya mteja nikaibeba humohumo maana mwenyewe alikuwa anaisubiri jioni. Nyumbani Mabatini nilikuwa nimechaji mpaka 100, nikajisemea safari yenyewe masaa matatu na kitu, mpaka tunafunga gati nitakuwa nimemaliza. Basi, tumetoka bandarini Mwanza, jiwe la Bismarck limebaki nyuma huko, naandika zangu raha mustarehe, kama masaa mawili hivi yamepita, naangalia pale kwenye kona betri inasoma asilimia 34, mara pyaa, skrini nyeusi. Nabonyeza, nembo inatokea, inazima. Nabonyeza tena, hata nembo hakuna. Pembeni yangu kuna mama mmoja na kapu lake la vitunguu, ananiangalia tu. "Mwanangu, si imezima hiyo?" Imezima mama. "Basi lala."

Nikalala.

Niliporudi mjini fundi wa kwanza hata kuifungua hakuifungua. "Kaka hiyo betri kwisha habari yake, lete elfu themanini nakufungia mpya sasa hivi." Sikuwa nayo hiyo hela, ndo ikabidi nianze kusoma mwenyewe, na nilichokikuta nimekuwa nikikirudia kwa kila anayeniletea laptopu akilalamika kwamba betri yake "imekufa".

Iko hivi. Watu wengi tunadhani ile asilimia inapimwa kama unavyochungulia maji kwenye ndoo. Hapana, inakisiwa. Ndani ya betri kuna kasakiti kadogo kanakohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kanapiga hesabu kimebaki kiasi gani. Chukulia jamaa mwenye mtumbwi wa injini pale Kirumba, dumu lake la petroli halionyeshi ndani na kifuniko hafungui, anakumbuka tu jana niliweka lita kumi, nikaenda mara mbili, nikaongeza tatu, kwa hiyo zimebaki tano. Siku za mwanzo atapatia. Ila akikaa miezi anaongeza kidogo anatumia kidogo bila kufungua kifuniko, hesabu inapotea, na siku ya siku injini itamzimikia majini huku yeye kichwani bado ana lita tatu. Halafu kuna la pili, dumu lenyewe linazeeka, lilikuwa la lita ishirini sasa linabeba kumi na nne na yeye bado anahesabia ishirini. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na mafundi wengi wanayauza kama moja.

Kwanza basi angalia dumu. Kama unatumia Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kikija kidirisha cheusi andika powercfg /batteryreport halafu bonyeza enta. Itakuambia imehifadhi faili wapi, linaitwa battery-report.html, lifungue kwa brauza, bando halihitajiki. Humo tafuta namba mbili: DESIGN CAPACITY, ndo uwezo betri iliokuwa nao ikitoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ndo inachodhani inabeba leo ikijaa. Ya pili gawanya kwa ya kwanza. Yangu iliandika 45,000 na 41,400, yaani asilimia 92. Nikafurahi kishamba kabisa, nikamuona fundi mwizi.

Lakini jiulize, betri yenye afya ya 92 inazimaje ikiwa na 34? Hapo ndo nilichelewa kuelewa kwamba hata ile 41,400 inatoka kwa kasakiti kalekale kalikopoteza hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuamini au kununua chochote, fanya kalibresheni, ndo kufungua kifuniko cha dumu. Chaji mpaka 100, iache kwenye umeme kama masaa mawili zaidi ipoe, chomoa, halafu itumie kawaida bila kuchomeka mpaka ijizime yenyewe. Kazi zako hifadhi kabla, tafadhali. Iache imezima masaa kadhaa, kisha chaji moja kwa moja mpaka 100 bila kukatiza. Hilo la kutokatiza kwetu huku ni mtihani, mara ya kwanza nimefika 60 umeme ukakatika, nikaanza upya kesho yake usiku.

Matokeo yake? Namba ilishuka. Kutoka 41,400 mpaka 30,600, yaani asilimia 68. Ukiona mtu anakuambia kalibresheni inafufua betri, anakudanganya, haiongezi hata tone, inakuambia ukweli tu. Ila ukweli wenyewe ulinisaidia, tangu siku ile ikisoma 20 ni 20 kweli, najua nina dakika ngapi, na nikaitumia zaidi ya mwaka mzima bila kutoa hata mia. Usifanye kila wiki lakini. Hizi betri za lithiamu hazipendi kukaushwa mpaka chini, kila ukikausha unaila kidogo. Mimi nafanya asilimia zikianza kuruka, kwa mfano kutoka 50 kudondoka 30 ghafla. Ule ushauri wa "maliza chaji yote ndo uchaji" ni wa betri za zamani za nikeli, sijui kwa nini bado unatembea.

Kinachoziua hasa ni joto, na kukaa 100 muda wote huku zina joto. Laptopu iko juu ya godoro, feni imezibwa, chaja imechomekwa kutwa, nyumba ya bati mchana wa saa nane, hapo unaichemsha. Laptopu nyingi za sasa zina sehemu ya kuzuia chaji isipite 80, iko kwenye programu ya kampuni yenyewe au kwenye bayosi, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka. Kama laptopu yako haitoki mezani, washa. Ila kwetu umeme unakatika bila hodi, zile ishirini za juu nazihitaji, kwa hiyo naweka 80 siku za kawaida na nikijua nasafiri au mgao umeanza naachia 100. Wataalamu watanuna, sawa.

Ya kubadilisha sasa. Mimi sibadilishi kwa sababu ya namba peke yake, maana mtu wa steshenari aliyechomeka umeme siku nzima hata 50 inamtosha. Nabadilisha nikishafanya kalibresheni na bado inazima ikiwa na chaji nyingi, hapo seli, vile vijibetri vya ndani, zimechoka, si hesabu. Yangu ilifika huko ikiwa na 19,800, yaani asilimia 44.

Lakini ikivimba usipime chochote. Dada yangu pale Igoma laptopu yake ilikuwa inayumba mezani kama kiti kibovu, sehemu ya kugusia mausi imenyanyuka haibonyezeki, yeye kaipiga solotepu anaendelea kuchaji! Niliizima hiyo laptopu hapohapo. Betri iliyovimba haichajiwi, haikandamizwi, na fundi akitaka kuitoboa "itoe hewa" chukua vitu vyako uondoke, inaweza kulipuka moto. Wala usiitupe jalalani, huko taka huwa zinachomwa.

Ukienda kununua, nenda na laptopu yenyewe. Linganisha namba ya modeli iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, na volti zifanane na zilizoandikwa pale. Ikishafungwa toa ripoti palepale dukani kabla hujalipa, ila jua kwamba betri feki nayo inaweza kuandika namba nzuri, stika haina aibu, kwa hiyo kipimo cha kweli ni saa: ijaze, tumia kawaida, hesabu masaa wiki hiyohiyo. Ndo maana gombania warantii kuliko punguzo la elfu tano. Niliyenunua kwake alikataa kabisa kuandika risiti, tukabishana weee, mwisho akachukua kalamu akaandika tarehe na "miezi 3" juu ya betri yenyewe, akasaini, ndo akaifunga.